Kesi ya Baiskeli

Baiskeli yangu ilikuwa imepinduliwa magurudumu juu kwa fundi pale Mwembe Kuku, hapa Mombasa, na fundi amekwisha kulegeza nati ya kiti, ndipo mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa kwenye benchi akauliza bila hata kunitazama: "Si hiyo ndiyo iliyokupeleka kisuni?"

Fundi akaacha spana hewani.

Yule mzee hakuwa na nia mbaya. Tunajuana tangu chuoni, twaswali msikiti mmoja, na nilipotoka hospitali alikuja kunitazama na madafu yake mkononi. Alitaka kujua tu. Lakini nilifungua mdomo na jibu sikuliona. Nikasema "Mungu ndiye ajuaye," nikamlipa fundi, nikaisukuma baiskeli kwa mkono hadi nyumbani na kiti kipya juu yake, wala sikuipanda.

Swali likanifuata. Likawa laja usiku nikiamka kwenda chooni, laja nikiwa kwenye foleni ya benki. Mwenye kuulizwa kama kipenzi chake ndicho kilichomuumiza hawezi kulitupa swali hivyo hivyo, hasa akiwa yuko mbioni kukirudia.

## Kwa ufupi

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwa nini nilinyamaza mwaka jana. Saratani ya tezi dume, ikawahiwa, tezi ikatolewa yote. Sitarudia habari za vipimo na foleni na kuhangaikia fedha. Kila nyumba siku hizi ina mtu wa kuzisimulia.

Ila kuna jambo moja la mwilini lazima nilieleze, la sivyo mengine hayataeleweka. Tezi dume inakaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ikitolewa yote, daktari hulivuta shingo la kibofu akalishona na mrija. Mshono huo uko ndani, juu kidogo tu ya msamba.

Msamba ndio unaokaliwa kwenye kiti cha baiskeli.

Kwa hiyo nilipouliza lini nitapanda tena, daktari hakuniambia "ukijisikia vizuri". Aliniambia miezi mitatu, kisha nirudi tuzungumze kabla sijagusa pedali. Wengine huruhusiwa mapema kuliko hivyo, wengine huchelewa zaidi. Inategemea mshono umepona vipi na mkojo unashikika kiasi gani. Na wale ambao tezi ilikuwa imevimba tu bila saratani, ikapunguzwa kwa kupitia njia ya mkojo, hiyo ni operesheni nyingine na muda wake ni mwingine, hatari yao kubwa ikiwa ni kuvuja damu upya. Tarehe zangu msizichukue.

## Arubaini yangu

Mpira wa mkojo ulikaa wiki mbili hivi. Ulipotolewa nilishukuru, nikainuka kitandani, na mkojo ukashuka wenyewe mpaka kwenye kandambili.

Nilikuwa nimeambiwa. Kuambiwa ni kitu kimoja na kusimama juu ya kidimbwi chako mwenyewe mbele ya muuguzi mwenye umri wa bintiyo ni kitu kingine.

Ikawa kila nikikohoa, nikicheka, nikiinuka kitini, nikiinama kuokota kitu, tone. Usiku nikilala palikuwa pakavu. Mchana ndio uliokuwa na vita. Nikaanza kuvaa pedi, na kwa kuwa sikutaka kununua mtaani kwetu nilikwenda hadi Ganjoni, kwenye duka la dawa ambalo hakuna anijuaye. Kijana wa kike akaniuliza ni za mama au za mtoto. Nikasema za mzee.

"Mzee ana kiuno kikubwa kama nani?"

"Kama mimi hivi," nikasema.

Akanitazama kiunoni, akachagua, akafunga kwenye gazeti bila kuniangalia tena usoni. Namwombea kheri mpaka leo.

Nyumbani mke wangu alishika usukani. Wanaume waliofanyiwa operesheni hii hufundishwa mazoezi ya kubana msuli wa chini, ule unaobanwa mtu akitaka kuukata mkojo njiani. Mazoezi hayo yana jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliozaa. Mke wangu alifundishwa kliniki baada ya mtoto wetu wa mwisho. Akawa ananisimamia: yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi niko kwenye kiti cha plastiki uani, na sauti inatoka jikoni, "Bana. Usizuie pumzi. Haya, achia." Siku moja jirani alisikia akadhani tunamfundisha mjukuu kitu.

"Mimi nimekaa arubaini mara nne," aliniambia nilipolalamika. "Wewe kaa yako moja."

Maneno yale niliyaona ni mzaha, kisha nikayafikiria. Mwanamke wa kwetu akijifungua, mji mzima unajua la kufanya. Anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, hanyanyui ndoo, na hakuna anayemuuliza mbona haonekani. Mwanamume aliyekatwa huko huko chini anapewa wiki tatu. Ya nne, watu wa baraza wanatuma salamu za kuuliza amekosana na nani. Mke wangu alinikataza mtungi wa gesi, akanikataza jeneza la watu, akanikataza hata kusukuma gari la jirani lililozimika. Nilimtii. Yeye alikuwa na uzoefu, mimi nilikuwa mgeni.

## Udhuru

Kwangu mimi jambo zito kuliko baiskeli lilikuwa swala.

Unaposujudu kisha ukainuka, tumbo hubana kibofu. Kila rakaa nilihisi tone, au nilidhani nimehisi, na nikivunja swala nikaenda kutazama wakati mwingine hapakuwa na kitu. Nikaacha msikiti nikawa naswali chumbani. Wenzangu walidhani ni udhaifu wa operesheni. Naam, ulikuwa udhaifu, lakini wa kichwani.

Hatimaye nilimvizia shehe wetu baada ya isha, watu wamekwisha kutoka, nikamweleza kwa mafumbo. Akanikatiza. Akauliza waziwazi: mkojo haukatiki? Nikasema ndiyo. Basi akanieleza kama mtu anayejibu swali la bei ya mchele. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mwenye udhuru wa mkojo husubiri wakati wa swala uingie, hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha, kisha huswali bila kuzembea. Kila swala ya faradhi ina udhu wake. Kinachotoka baada ya hapo, kwa udhuru huo, hakimvunjii.

"Na usiende kuangalia," akaongeza. "Ukishafanya yako, swali."

Nilitoka mle nimekasirika kidogo, sikujua namkasirikia nani. Vitabu vya fikihi vina mlango mzima wa mtu ambaye mkojo wake haukatiki. Maana yake wanaume wamekuwa wakivuja karne nyingi, na masheikh wamekuwa wakiulizwa na kujibu, na sisi kwenye baraza tumekuwa tukizungumza mpira na siasa.

Lile neno lake la usiende kuangalia ndilo lililonirudisha kwenye baiskeli, ingawa hakulisema kwa sababu hiyo. Hofu yangu ilikuwa ya kukagua. Nilitaka kuwa na uhakika kwamba nimekauka kabisa ndipo nitoke. Kumbe kuna namna nyingine: unajiandaa kwa lile linaloweza kutokea, kisha unaondoka nyumbani.

## Ushahidi

Turudi kwa mzee wa kahawa. Je, baiskeli ilinipa saratani?

Nimesoma nilichoweza kukisoma. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, uliowauliza waendesha baiskeli wanaume zaidi ya 5,000. Haukuona uhusiano kati ya baiskeli na upungufu wa nguvu za kiume, wala na ugumba. Hilo watu hawalisambazi kwenye simu. Wanalolisambaza ni la pili: miongoni mwa waliopita miaka 50, waliokuwa wakiendesha saa nyingi zaidi kwa wiki ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba wamewahi kuambiwa wana saratani ya tezi dume.

Watafiti wenyewe walisema lichukuliwe kwa tahadhari, na sababu zake mtu anaweza kuziona. Anayeendesha baiskeli saa nyingi mara nyingi ni mtu anayejali afya yake, na anayejali afya huenda kupimwa, na anayepimwa ndiye anayegunduliwa. Isitoshe kipimo cha damu chenyewe, hiki cha PSA kinachotumika kuitafuta saratani hii, kinaweza kupanda kwa muda mtu akitoka kuendesha baiskeli. Waingereza huwaambia wanaume wasifanye mazoezi mazito, baiskeli ikiwemo, saa 48 kabla ya kutolewa damu. Wenye tezi zao walishike hilo. Mimi halinihusu tena: sina cha kupandisha. Kwangu namba inatakiwa ishuke karibu na sifuri ibaki huko, na ikipanda, baiskeli haitakuwa kisingizio.

Yanayojulikana kwa uhakika kuhusu nani yuko hatarini hayana magurudumu. Umri. Baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua. Asili ya Kiafrika. Nchini Kenya hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Baba yangu alikuwa kuli wa bandarini Kilindini, kisha akawa serahangi, msimamizi wa makuli. Alikufa kwa kile kilichoitwa maradhi ya mkojo. Mwishoni mgongo ulimuuma hata akawa anatembea kwa kushika ukuta, na sisi tulimkanda kwa mafuta ya nazi na karafuu tukidhani ni mizigo ya ujana inadai. Hakuna aliyempima. Sina cheti cha kusema alikuwa na nini.

Lakini baiskeli hakuipanda maishani mwake.

Nilipofika hapo kwenye fikra zangu nilikuwa nimekaa Mkunguni, na nilisikia kama mtu amenivua kofia. Maana nilitambua kwamba kwa wiki zote zile nilikuwa natamani baiskeli iwe na hatia. Mzee wa kahawa naye anatamani. Yeye hapandi baiskeli, kwa hiyo ikiwa ni baiskeli, yeye amepona. Na mimi nina watoto wa kiume wawili wasiopanda baiskeli. Ikiwa ni baiskeli, naitundika ukutani na mambo yamekwisha. Ikiwa ni damu ya babu yao, sina mahali pa kuitundika.

## Kiti

Sasa niwaambie habari ya kiti, kwa sababu hapa ndipo wengi mtakaporudi kusoma.

Fundi wangu, Mungu ambariki, alinichagulia kwanza kiti kipana chenye springi na sponji nene, wanachokiita cha akina mama. Alidhani laini ndiyo huruma. Nilikibonyeza kwa vidole gumba viwili, kila kimoja pale ambapo mfupa wa kalio ungekaa. Vidole vikazama. Na sponji iliyokuwa katikati ikapanda juu, ikajaa kama mkate wa mofa motoni.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mifupa miwili ya makalio ndiyo inayopaswa kubeba mwili. Ikizama, katikati huinuka na kuusukuma msamba, ambamo mishipa ya fahamu na ya damu inapita kuelekea uume. Ganzi wanayoipata waendesha baiskeli hutoka huko. Kiti kizuri kwa mtu kama mimi ni kigumu kiasi, kipana kwa nyuma kulingana na mifupa yangu, na chenye mfereji au tundu refu katikati. Viko hata visivyo na pua kabisa. Marekani waliwapa polisi wa baiskeli viti vya namna hiyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita ganzi ilikuwa imepungua sana. Sura yake inachekesha. Wangenicheka kutoka Mwembe Kuku hadi Mwembe Tayari. Nikachukua chenye tundu.

Tukainua usukani ili nisiegemee mbele, pua ya kiti tukaishusha kidogo sana, na tairi tukazipunguzia upepo. Nilimwambia fundi sababu. Alisikiliza akiwa ameshika pampu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mambo ya chumbani yanarudi.

Nimjibu na ninyi humu. Mishipa ya fahamu inayohusika imeambatana na tezi ubavu kwa ubavu. Namna ya kuitoa tezi bila kuikata mishipa hiyo ilianzishwa na daktari Patrick Walsh wa Baltimore mwaka 1982, na si kila uvimbe unaruhusu. Hata ikisalimika, inaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka miwili, kuamka. Kuikalia hadi ifanye ganzi hakusaidii. Yaliyobaki ni ya nyumbani kwangu.

Kwa siku kadhaa nilikuwa napanda baiskeli ikiwa imeegemezwa ukuta wa uani. Nakaa tu. Mjukuu wangu alinizunguka na kuuliza, "Babu, mbona huendi?" Nilikuwa nasikiliza mwili. Maumivu hakuna. Damu kwenye mkojo hakuna. Daktari alikuwa ameyataja hayo na ganzi isiyoisha na mkojo kugoma kutoka: lolote likitokea, shuka, rudi kwake.

## Kizingo

Nilitoka baada ya alfajiri, suruali nyeusi, pedi moja mwilini na nyingine mfukoni.

Kishawishi cha kwanza ni kutokunywa maji. Mtu anadhani akikauka hatavuja. Kwa joto la Mombasa huo ni wendawazimu, na juu ya hayo mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu, kinabana ovyo. Nilikunywa maji. Nilichoacha ni kahawa tungu, maana kafeini nayo inakichokoza kibofu, na kuiacha kuliniuma kuliko nilivyotaraji. Siku hizi nainywa nikirudi.

Kabro za Mji wa Kale zilinitikisa kuliko nilivyozikumbuka. Nilisimama kwenye pedali Ndia Kuu nzima, nikipita nje ya milango iliyofungwa kama mwizi anayekimbia taratibu. Baada ya Ngome ikaja lami, nikakaa. Hapo nikajua kiti ni sawa. Mifupa ilikuwa imekaa juu ya kitu na katikati palikuwa na nafasi. Sijui niseme nini zaidi; ni starehe ya kutohisi kitu.

Mama Ngina palikuwa na upepo wa bahari na watu wa mazoezi wachache, na chini ya mibuyu vijana walikuwa wanafagia. Tuta la kwanza nililiona mbali. Nikanyanyuka, nikabana, nikalivuka vizuri. La pili sikuliona. Likanipata nimekaa, na tone likatoka, na nilijua kabisa limetoka.

Nikaendelea kunyonga.

Lilikuwa tone. Pedi ilikuwepo kwa kazi hiyo. Nilikwenda mpaka pale magari yanapoanza kushuka kwenye kivuko cha Likoni, nikageuka.

Mtihani uliokuwa haukutajwa na daktari wala na mtu yeyote ulikuwa wa kushuka. Kuutupa mguu wa kulia nyuma juu ya karia, kama nilivyofanya tangu nina miaka kumi, kunabana tumbo na kufungua paja kwa wakati mmoja. Hapo halikuwa tone. Sasa nasimama kabisa, nailaza baiskeli hadi karibu na ardhi, naivuka kama mtu anayevuka kizingiti. Haina heshima. Inafanya kazi.

## Wenzangu wa Jumapili

Tuna kundi la watu wazima tuendao Shanzu Jumapili asubuhi, kwa njia ya Nyali na Bamburi, kisha chai na mahamri kabla jua halijakasirika. Niliwatumia ujumbe wa sauti nikawaeleza yote: tezi, saratani, pedi, kwamba nitaanza kuja na nitakuwa nasimama mara kwa mara.

Nilitaraji ama kimya ama dua. Dua zilikuja. Kisha ukaanza ubishi.

Wakagawanyika pande mbili, baiskeli ndiyo na baiskeli siyo. Mmoja alituma picha ya makala isiyo na jina la mwandishi. Mwingine akasema ni mafuta ya kukaangia viazi karai. Mwingine akasema ni maji ya chumvi ya visimani. Ubishi ulikwenda mpaka usiku, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti, na kabla wiki haijaisha mmoja wetu, mtu mwenye akili zake, aliiuza baiskeli yake kwa muuza mikate wa Kongowea. Ana miaka 58. Kakake alishafanyiwa operesheni kama yangu.

Ameuza baiskeli na damu hajapima.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kipimo kinafanyika wapi. Nikaandika mwenyewe: ni damu tu, hospitali na maabara nyingi za hapa mjini wanaitoa, aliyepita 50, au aliyepita 40 na ana baba au ndugu aliyeugua, akazungumze na daktari kwanza, kwa sababu kipimo hicho kinaweza kumtisha mtu bure na pia kinaweza kumpitia mtu mgonjwa. Alama za bluu zikaonyesha wote wamesoma. Mmoja akatuma mikono ya dua. Halafu mtu akauliza kama Jumapili tunaondokea Buxton au kwa kina fulani.

Naondoka nao hadi Buxton. Daraja la Nyali sijalivuka. Ule mlima wake mdogo unataka nguvu ya tumbo, na mabasi yanapita karibu mno kwa mtu anayefikiria mkojo na gia kwa pamoja. Nawaaga pale wanapoanza kupanda, nageukia Tudor nazunguka kisiwa. Huenda nikalivuka. Mke wangu anasema akinisikia nimelivuka kabla daktari hajanitazama tena, nisirudi na njaa.

## Wanangu

Kilichobaki kilikuwa kuwaambia vijana wangu habari ya babu yao.

Operesheni yangu waliijua, mmoja ndiye aliyelala na mimi hospitali. Lakini mgongo wa babu, kuta alizokuwa akizishika, yale maradhi ya mkojo, hawakuwahi kuyaweka pamoja na yangu, na mimi sikuwa nimewasaidia kuyaweka. Niliwaita baada ya chakula cha mchana siku ya Ijumaa. Mama yao akatoa wajukuu nje. Nikasema: babu yenu, pengine, na mimi, kwa hakika. Na ninyi ni wetu.

Mkubwa ana miaka 41. Alinyamaza akichezea ufunguo wa gari, akauliza inauma? Nikamwambia ni sindano ya mkononi kama ya malaria. Akaenda, akazungumza na daktari, akapimwa. Namba yake ni ndogo, na ameambiwa lini arudi. Aliponipigia alianza na bei ya maegesho.

Mdogo anaendesha tuktuk kati ya Mwembe Tayari na Makupa. Aliuliza kama tuktuk nayo ina madhara kwa kukaa sana. Nikamwambia tuktuk haina kesi. Akacheka, akasema bado hajafika arubaini, ila atakwenda mapema, atakwenda baada ya Ramadhani.

Ramadhani gani, hakusema.